Kigeu cha Wote

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua ofisi, nimechemsha chai, nimepitia taarifa za mashine kama kila asubuhi. Majibu ya maabara yanatoka haraka kupita kawaida. Nikatafuta sababu. Deo ameondoa kufuli bila kuniambia.

Lugha hii ya programu tumeiunda wawili, yeye na mimi. Hospitali moja binafsi hapa Songea inaitumia kwenye maabara yake. Injini yake hufanya kazi nyingi kwa pamoja, kila kazi kwenye uzi wake. Lakini nyuzi zote zinatumia kigeu kimoja, yaani sanduku moja linaloshika jina la mgonjwa anayeshughulikiwa. Kufuli lilizuia uzi mmoja kuandika humo wakati mwingine haujamaliza. Lilichelewesha kazi, ndiyo. Sasa uzi wowote unaweza kufuta jina la mwenzake katikati ya kazi.

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Deo kila uzi uwe na nakala yake ya kigeu hicho. Hakuna kusubiriana, hakuna kuchanganyana. Vitu visivyobadilika vibaki vya wote, visomwe tu. Anasema nakala zitajaza mashine bure, na kwamba amejaribu hakuna kilichoharibika. Amejaribu na mgonjwa mmoja wa kubuni. Hilo si jaribio. Kaniita mwoga mbele ya mteja.

Nenosiri la seva analo yeye, siwezi kubadili kitu. Toleo langu nimeliandika hata hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Haule, mkuu wa maabara, kapiga simu. Mzee mmoja wa Lusewa aliambiwa ana sukari, akapewa dawa za kuishusha, akazimia stendi. Hana sukari. Majibu yalikuwa ya mtu mwingine.

Deo kasema mhudumu wa mapokezi ndiye aliyekosea jina. Kamsingizia dada wa watu ambaye hata hakuwepo kujitetea.

Nikamkalisha. Nikaendesha nyuzi mbili, mmoja nikausimamisha katikati, wa pili nikauachia. Majibu ya mgonjwa wa kwanza yakatoka na jina la wa pili. Nilitamani kumrushia kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Mama Haule ukweli wote, Deo akisikia. Wazime mfumo, warudi kwenye karatasi. Deo kapiga meza, anasema naua kazi yetu. Nikamwambia kazi yetu nusura iue mtu.

Kanipa nenosiri bila kunitazama.

Toleo langu limeingia. Nimelirushia maombi mengi ya majaribio kwa mpigo. Hakuna jina lililohama. Na kasi ni ile ile aliyoitaka yeye. Sijafurahi hata kidogo. Hasira imezidi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa nimekwenda wodini kumwona mzee wa Lusewa. Sikumwita Deo. Nimemkuta mlangoni.

Tukamwamkia mzee. Deo kasema mwenyewe, "Baba, kosa ni langu. Niliondoa kinga ili mashine iende haraka." Mzee kaitikia tu, "Haya, mwanangu." Binti yake alikuwa anamenya chungwa. Akauliza, "Sasa huyo mwenye sukari yuko wapi?"

Tumegombana wiki nzima na hakuna aliyemfikiria mtu huyo. Deo katoka mbio kwenda maabara.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Haule kampata kwa alama za sampuli. Mama mmoja anayekaa njia ya Peramiho. Wiki iliyopita aliambiwa majibu yake hayaonekani, arudi siku nyingine. Simu yake haipatikani. Tumekwenda watatu kwa gari la Deo, tukakwama kwenye tope, tukasukuma.

Tumemkuta amekaa kizingitini na ndoo ya maji, midomo imekauka. "Nakunywa tu," kasema, "kiu haiishi." Alidhani ni uchovu wa palizi. Deo kamshika mkono mpaka kwenye gari, polepole. Tulipofika hospitali wamemtundikia dripu.

Jioni alikunywa uji kidogo. Nimekaa naye mpaka mdogo wake alipofika.

Deo nimemkuta amesinzia kwenye gari, viatu vimejaa tope. Sikumwamsha. Nimeendesha mimi.