Mama Mkwe na Kaburi la Zaina

Jumatatu, 4 Machi 1957

Nimeunguza vitumbua. Mama mkwe ameonja kimoja, akakitema, akasema hata mbuzi wa Kaloleni atakisusa. Afadhali. Tangu msiba alikuwa hasemi kitu.

Wifi yangu Zaina tulimzika juzi. Ijumaa jioni alikuwa mzima nyumbani kwa mumewe, Pumwani. Tumbo likamkata, akaanguka. Alfajiri hayupo. Mama mkwe alimwosha mwenyewe, hakutaka mwanawe aguswe na mkono mwingine. Adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Ndivyo tufanyavyo, maiti haicheleweshwi. Hakuna aliyemuwaza daktari.

Chakula chake cha mwisho kilitoka kwa Mwanahawa, mke mwenziwe. Samaki wa kupaka. Nina yangu moyoni.

Alhamisi, 7 Machi

Mwanahawa amekamatwa. Mtaa mzima unajua ni sumu, na wanaojua zaidi ni wale ambao hawakuwapo.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia. Yule mwanamke alikuwa akipita mlangoni kwa Zaina akiwaita wanawe mmoja mmoja kwa sauti, makusudi. Zaina miaka yote hakushika mimba. Tasa, walimwita, tena akiwasikia.

Wanasema atanyongwa.

Ijumaa, 8 Machi

Askari amekuja. Serikali inataka kufukua kaburi, daktari aone kilichomuua Zaina. Sisi jamaa tukikataa, hawatatulazimisha. Kesi itaendelea na maneno ya mashahidi waliopo. Mashahidi gani? Wale wa bombani, wanaoteka maji na kuteka umbea.

"Sasa mama, nyinyi nakubali ama nakataa?" askari akauliza kwa Kiswahili chake cha bara.

Mume wangu Athmani akafoka kwamba dada yake si gunia la viazi, lifukiwe na kufukuliwa. Mimi nikamuunga mkono. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nakubali," akasema.

Jumamosi, 9 Machi

Nyumba haikaliki. Shangazi zake Athmani wamekuja kulia upya. Mama gani humvua mwanawe sanda mbele ya wanaume? Athmani amesusa chakula, na leo hata sikukiunguza.

Mama mkwe akavaa buibui, akaenda kwa miguu kumwuliza sheikh. Amerudi viatu vimejaa vumbi. Sheikh amesema, ikiwa roho ya mtu aliye hai imo hatarini, yajuzu.

Athmani akamwuliza, tangu lini anampenda Mwanahawa? "Simpendi hata kidogo," akasema. "Lakini nikinyamaza, anyongwe naye hana kosa, nitakutana na Zaina kwa uso gani? Na kama ni yeye, nataka nijue, si nidhani."

Huyu mwanamke amenichosha tangu siku niliyoingia nyumba hii. Chumvi, ufagio, namna ninavyokunja kanga. Leo nilitamani kumbusu mkono. Sikumbusu. Angeniuliza nimenawa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu asubuhi.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Mama mkwe amekwenda. Amebeba sanda mpya, kafuri, na chupa ya marashi. Hakuna aliyethubutu kumrudisha. Nikamfuata, niliogopa atateleza.

Wanaume wakachimba, polisi wakazungushia turubai. Daktari wa serikali akaingia ndani. Mama mkwe akasimama nje, ameipa turubai mgongo, anasoma Yasini. Akiimaliza anaianza tena. Maji yanamtiririka usoni. Sijui yote yalikuwa ya mvua.

Daktari alipotoka, alisema Zaina atafunikwa na watu wake wa kazi. "Watu wa Zaina ni mimi," mama mkwe akasema, akapita. Askari akamwekea mkono. Akautazama ule mkono tu. Ukaondoka wenyewe.

Harufu siiandiki. Nilibaki nje mpaka niliposikia anapambana na sanda peke yake. Nikaingia, nikashika upande wa miguu. Fundo langu lilifunguka mara mbili. Lake halikufunguka. Alikuwa akizungumza na Zaina polepole, kama anamvisha nguo ya shule.

Waliposhuka naye kaburini, wakamlaza vibaya. Akawaambia wamweke upya. Ubavu wa kulia. Uso kibla. Akawasimamia hadi wakapatia.

Jumatano, 13 Machi

Mama mkwe hakuamka. Nimempikia uji. Amekunywa wote na hakuukosoa.

Nimeogopa sana.

Ijumaa, 22 Machi

Askari ameleta majibu ya daktari. Sumu hakuna. Zaina alikuwa na mimba changa, imetunga nje ya kizazi. Ikapasuka, damu ikamjaa tumboni. Samaki hana hatia, na aliyempika hana hatia.

"Mimba?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo mama. Mimba."

Akauliza tena. Kisha akainuka, akaenda bombani, nami nyuma yake. Walikuwapo wote. Nilidhani atawatukana, na ningemsaidia kwa moyo wote. Akasema tu, "Mwanangu hakuwa tasa." Ndoo zikafurika hakuna aliyefunga bomba.

Nyumbani akalia mpaka sauti ikakauka. Ndiyo mara ya kwanza tangu msiba. Athmani alikaa chini, kichwa magotini pa mamake.

Jumapili, 31 Machi

Mwezi ukiandama leo, kesho twafunga. Majirani tumevunja jungu pamoja, kila nyumba na chungu chake, mikeka imetandikwa nje.

Mwanahawa akatokea. Wamemwachia, amekonda, shingo imekuwa kijiti. Amebeba bakuli limefunikwa kawa. Akaliweka mkekani, akalifunua. Samaki wa kupaka.

Wote wanajua hakuua. Hakuna mkono uliosogea, hata wangu. Kila mtu akaona kitu cha kutazama kwenye sahani yake.

Mama mkwe akasema, "Leteni maji." Akanawa. Akalivuta bakuli, akamega samaki, akala. Akala bila haraka, akilamba vidole, mbele ya macho yote ya Kaloleni. Akamwangalia Mwanahawa.

"Chumvi imepungua," akasema.

Mwanahawa akaangua kilio, akakaa pale pale alipokuwa amesimama.

Mama mkwe akasogea kunipa nafasi. Nikanawa.