Mtungi wa Alumini Ulioelea

Mtaa wa Sogea,
S.L.P. 118,
Tunduma, Songwe.
14 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Ambakisye,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta ukiwa na afya njema huko Mafia, na kwamba kifua cha Mama Goodness kimepata nafuu. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anaendelea kuanika kahawa pale Mbozi Mission, na mgongo wake unalalamika kama kawaida.

Najua umesikia kwamba niliajiriwa kwa muda na kampuni ya uzamiaji inayokagua nguzo za gati Ziwa Tanganyika. Sikukueleza mwenyewe. Wewe umefundisha uzamiaji kwa miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa na namba yako ya simu na shahada ya sayansi ya majini. Nilichagua shahada.

Mwezi Aprili mitungi yetu ya hewa, ile ya chuma, ilizuiliwa mpakani kwa upungufu wa nyaraka. Meneja, Bwana Watson, akakodi ya alumini, yenye nyaraka kamili, kutoka Nakonde upande wa Zambia. Akaniagiza nipange upya uzito wa madini ya risasi kwenye mikanda inayowasaidia wazamiaji kuzama. Nilifurahi mno kuaminiwa.

Nilifanya kama tufanyavyo nyumbani. Nilichukua mzani wa kuning'iniza tunaopimia magunia ya kahawa, nikapima mtungi mmoja wa chuma uliokuwa umebaki ofisini, kisha wa alumini. Wa alumini ulizidi kwa kilo moja. Nikahitimisha kwamba mzamiaji tayari amebeba kilo ya ziada mgongoni, hivyo nikaipunguza kwenye mkanda, kama mnunuzi anavyokata uzito wa gunia.

Yonasi, mzamiaji wetu, alinicheka. "Dada msomi, hii ni mitungi, siyo kahawa ya Mbozi!"

"Mzani haujui kudanganya," nikamjibu.

"Haya bwana. Nikielea kama boya, utanivuta na hiyo shahada yako."

Akafunga mkanda.

Alikaa chini ya maji kwa muda mrefu. Wakati wa kupanda, alipaswa kutulia mita tano chini ya uso wa maji ili mwili utoe gesi taratibu. Hewa ilikuwa imepungua, mtungi umekuwa mwepesi, na mkanda haukuwa na uzito wa kumzuia. Alifyatuka hadi juu. Jioni ile miguu ilikufa ganzi. Leo anatembea kwa magongo.

Niliporejea Tunduma niliutumbukiza mtungi wa alumini, uliokaribia kwisha hewa, katika tangi la maji nyuma ya ofisi. Ukaelea, kwa kuwa ni mnene kuliko wa chuma na maji huubeba zaidi. Wa chuma ulizama na kutulia chini. Mjomba, nilipaswa kuongeza takriban kilo mbili. Nilipunguza moja. Mzani wa nchi kavu ulisema kweli. Mimi ndiye niliyeuuliza jambo lisilouhusu.

Wiki iliyopita Bwana Watson aliniletea taarifa inayosema Yonasi alipatwa na hofu akapanda kwa uzembe. Kwa maneno hayo kampuni haitamtibu. "Tia saini, Gwantwa. Mkataba wako wa kudumu uko mezani," alisema, kwa upole wa mtu anayekukaribisha chai. Nilikataa, nikaandika maelezo yangu. Siku hiyohiyo alininyang'anya ufunguo wa ofisi.

Nilikwenda kumsomea Yonasi maelezo hayo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na mimi nimekaa miezi miwili nikijilaumu."

Akageukia ukutani. Mama yake alinisindikiza hadi mlangoni bila kuniaga.

Sasa Bwana Watson anadai kwamba maelezo ya msichana aliyefukuzwa hayana maana. Anahitajika mzamiaji mzoefu kuthibitisha kwamba uzito ule haukufaa kwa mitungi ile. Nakusihi uandike. Vipimo vyote nimeviambatisha. Kama moyo wako utashawishika kupunguza makali kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yako, usiupe nafasi. Andika kwamba hesabu ilikuwa mbaya, na uandike jina la aliyeifanya.

Nisalimie Mama Goodness, Goodness mwenyewe na Hezron. Mama, dada yako Tabita, anakusalimu. Hajui bado, na nitamwambia mimi. Mungu awalinde nyote, majini na nchi kavu.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, ingawa nilichelewa kukuuliza,

Gwantwa Mbonile