Sentensi Kumi na Tano Nilizomsingizia Haji

Rama, nimesikia kicheko kabla sijafungua pazia la stoo. Kicheko cha Haji Abdulrahim, bosi wangu, ambaye hajacheka tangu Ramadhani.

Unamjua yule madam wa chuo anayerekodi Kiachomi cha mzee, lugha ya kwao Uajemi. Anatafuta vineno vidogo vinavyoonyesha nani katoa na nani kapewa. Mwandishi wao ni mimi.

Wiki iliyopita mzee alichoka, zikabaki sentensi kumi na tano. Nikazitunga mwenyewe. Kiachomi nakijua, usinibishie.

Leo madam akawa anamsomea sentensi hizo. Mzee akauliza huku akicheka, "Hii nani kasema?"

"Wewe, Haji."

"Mimi? Nimempa mbuzi barua?"

Rama, zote zina vina. Vya kati na vya mwisho. Mkono umeshazoea mashairi, ningefanyaje? Ikabidi nikiri ni zangu.

Madam hakucheka. Kasema hajui tena zipi za mzee na zipi zangu, kwa hiyo daftari lote la miezi miwili khalas, halifai.

Mbuzi kapewa barua. Kwa vina.

Nilitaka kubisha kwamba vineno vyote vimekaa mahali pake, na kweli vimekaa! Lakini mzee alikuwa ameacha kucheka.

"Severin, wanangu hawakisemi Kiachomi. Nilidhani unaandika maneno yangu."

Nikasimama, nikamwambia kwa sauti, madam akisikia: "Haji, kesho tunaanza upya. Nitaandika ulichosema wewe tu. Neno langu halitaingia hata moja."