Msumeno Usiohitaji Mtu Chini

Masii, Machakos

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepata nafuu, maana baridi ya huko milimani sasa imepungua. Mama naye kifua chake kinaendeleaje? Mghoi aliniandikia kwamba anakohoa asubuhi tu, lakini namjua dada yangu, hupunguza mambo ili nisiwe na wasiwasi. Mimi mwili wangu ni mzima. Huku Ukambani mvua imenyesha siku nne mfululizo, watu wote wako shambani na ng'ombe wa kulima, na karakana yetu iko kimya. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa chini niandike.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu kwenye bahasha yenye jina lako. Miaka sita hii nimekuwa nikimwandikia Mghoi na kubandika salamu zako mwishoni, kama mtu anayepita nyuma ya nyumba ili asionekane. Safari hii nakuandikia wewe, kwa sababu kuna jambo kuhusu kifo cha kaka Mwakio ambalo nilipaswa kukuambia siku ileile. Nitalisema kabla ya barua hii kuisha. Nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika. Ila kwanza niruhusu nikueleze kazi niliyokuwa nikifanya, maana bila hiyo hutaelewa nimepata wapi moyo wa kusema leo.

Mghoi atakuwa amekwambia kwamba nafanya kazi kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma hapa sokoni Masii, anaitwa Kyalo. Ni mtu wa maneno mengi, anataniana na kila anayepita, lakini hajawahi kunipunja wala kunidharau kwa kuwa si wa huku. Tunatengeneza madirisha, milango na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Sasa, watu wa huku hawana misitu kama yetu. Mtu ana miti miwili mitatu shambani, mkima hapa, mukau pale, nao mukau una mbao nyekundu ambazo mchwa hawazigusi. Akitaka kupasua mbao, lazima akodishe gari la kupeleka gogo mjini, au aite mwenye msumeno wa injini wa kukatia miti, ambao hula nusu ya gogo ikawa unga na mbao zikatoka zimepinda. Nilipoona hivyo nikamwambia Kyalo tuunde mashine ya kulifuata gogo pale lilipoangukia.

Niliichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Baba, ungependa kuiona. Tulichukua magurudumu mawili ya pikapu kuukuu, tukayafunga kwenye fremu, moja kushoto na moja kulia. Msumeno wenyewe ni mkanda mrefu wa chuma wenye meno, umeungwa ukawa duara, unazunguka juu ya tairi za magurudumu hayo. Injini tuliitoa kwenye pampu ya maji iliyokuwa imetupwa. Fremu inateleza juu ya reli mbili zilizolazwa chini, na gogo linalala katikati yake. Gogo halisogei. Msumeno ndio unaolipitia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha unaushusha kwa skrubu ndefu mbili na kupitisha tena. Mtungi wa maji umening'inizwa juu, unadondosha matone kwenye meno yasipate moto. Kazi ikiisha tunafungua bolti, tunapakia vipande kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tunaenda boma lingine.

Usidhani ilikuwa rahisi. Miezi mitano ilitutoa jasho. Mkanda ulikuwa ukiruka kutoka kwenye magurudumu kila tulipowasha injini, na siku moja uliruka ukatoboa ukuta wa bati wa jirani yetu mshona viatu. Baada ya hapo hakutusalimia wiki mbili. Nikagundua gurudumu moja lilikuwa limeinama kidogo sana, unene wa ukucha. Tuliponyoosha, mkanda ukatulia, lakini ukawa unakata mawimbi. Hapo ndipo nilikukumbuka wewe umekaa kwenye kigoda chako na tupa mkononi, ukipanga meno ya msumeno, moja kushoto, moja kulia, ukilipima kila moja kwa kidole gumba na kufumba jicho. Nilikaa siku nzima nikifanya vivyo hivyo, jino kwa jino. Kesho yake ubao wa kwanza ulitoka umenyooka, na Kyalo akaubeba begani akauzungusha soko zima kama bendera. Nilifurahi, Baba, nami nikaona aibu ya kufurahi bila wewe kujua.

Jambo moja tu tuligombana. Kyalo alitaka gogo liinuliwe juu ya stendi.

"Wewe Mwadime, tukiinua hiyo gogo si tutafanya kazi tukiwa tumesimama vizuri? Ama nyinyi Wataita mnapenda kuinama?"

Nikamwambia gogo litalala chini kabisa, na mashine yangu haitakuwa na mahali mtu anaweza kukaa chini ya mti.

"Kwani gogo ilikukosea nini?" akauliza.

Nikaendelea kukaza bolti. Aliniangalia usoni, akaacha mzaha, na hajaniuliza tena.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita tuliitwa Muthetheni kwa mzee mmoja anayeitwa Mutua. Alikuwa ameangusha mukau mkubwa sana, wa kupaulia nyumba ya binti yake mjane aliyerudi nyumbani. Majirani walikuja kutazama, akina mama na vikapu vyao wakielekea sokoni wakasimama. Tukapasua mbao nne safi. Kwenye ubao wa tano msumeno ulipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, mkanda ukakatika, ukachapa kifuniko cha bati nilichoweka mbele ya magurudumu. Kipande kimoja kilipenya pembeni kikamkwaruza Mzee Mutua mkono. Alikaa chini kwenye unga wa mbao, damu ikimtiririka mpaka kwenye vidole.

Watu wote wakanigeukia mimi. Kyalo alianza kuwaambia kwamba mkanda ulikuwa mbovu, kwamba tuliuziwa takataka. Nami Baba, kinywa changu kilikuwa kimeshafunguka nimuunge mkono. Nilijua si kweli. Mkanda ule niliukagua mwenyewe asubuhi. Lakini uongo ulikuja mdomoni wenyewe, tayari, kana kwamba ulikuwa umekaa pale ukinisubiri.

Mzee Mutua akainua ule mkono mzima. "Ngoja kijana. Usiseme kitu."

Akaomba kisu. Akainama juu ya gogo, akachokoa pale msumeno ulipokwama, akatoa kipande cha waya mnene ulioliwa na kutu. Mti ulikuwa umeumeza ukaota juu yake.

"Hii waya naijua," akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Ni ya mwatu ya baba yangu, mzinga wake wa nyuki. Mimi ndio nilikuwa namshikilia ngazi akifunga. Nilijua hii mti ilibeba mzinga na sikuwaambia. Hii makosa ni yangu. Si ya mashine, si ya hawa mafundi."

Mkewe alikuwa anamfunga jeraha kwa leso. Akatukemea: "Na nyinyi pia mngeuliza! Mkamba akikata mti mzee anauliza kwanza kama iliwahi beba mwatu. Kyalo, wewe ni mtoto wa wapi? Huyu mgeni tunaweza kumsamehe." Watu wakacheka, hata mzee akacheka, wakatuletea uji, na mambo yakaisha hapo.

Kwao yaliisha. Mimi nilienda nyuma ya ghala lao la mahindi nikalia. Yule mzee alikuwa anavuja damu. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kunyamaza tu, na lawama ingetuangukia sisi. Lakini alisema mbele ya majirani zake wote kabla damu haijakauka, na ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuchota maji. Mimi nimeshindwa kwa miaka sita.

Baba, Mwakio hakuwa amelewa.

Siku ile mimi nilikuwa juu ya gogo na yeye alikuwa ndani ya shimo chini yake, kila mmoja ameshika ncha yake ya msumeno, kama ulivyokuwa umetupanga. Msumeno ulikuwa umefika kwenye boriti ya kulishikilia gogo, na ilibidi tulisogeze mbele. Ulitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba aliye juu aite, aliye chini apande atoke, na kabari isiguswe mpaka umwone kwa macho yako amesimama kwenye nyasi. Mimi nilikuwa na haraka. Vijana walikuwa wananisubiri uwanjani tucheze mpira, nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikufikiri zaidi ya hapo. Sikuita. Niligonga kabari. Gogo likabiringika. Mwakio alikuwa amejiinamia akinywa maji kwenye kibuyu.

Mlipokuja mbio mkaniuliza, nikasema alitoka kwenye pombe ya denge, kwamba yeye mwenyewe aliniambia nigonge, kwamba hakuwa na akili zake. Mliniamini kwa sababu jioni iliyotangulia alikuwa kwenye sherehe ya jirani. Shemeji Mshai alisema. Unakumbuka alisema, "Mume wangu ametoka kwangu asubuhi amekunywa chai." Wazee wakamwambia anyamaze, mjane hapaswi kubishana siku ya msiba. Nami nilikuwa nimesimama pale, nikamwacha anyamazishwe.

Halafu kule makaburini ukawaambia vijana waone pombe inavyomaliza mtu. Ulimtaja mwanao, kifungua mimba wako, kuwa mfano wa ulevi mbele ya watu wote, na ulisema hivyo kwa sababu yangu. Mshai hakutazama mtu. Baada ya mwezi alimfunga mtoto mgongoni akarudi kwao Mwatate, na mkasema ana kiburi. Hakuwa na kiburi. Alikuwa peke yake anayejua ukweli katika nyumba nzima, mbali na mimi, na mimi wiki ileile nilikuwa nimepanda gari la kuja huku.

Sijaunda mashine hii ili inisafishe. Niliwahi kufikiri hivyo. Nilifikiri nikitengeneza msumeno usiohitaji mtu chini, moyo utatulia. Haukutulia, na sasa najua kwa nini. Hakuna gogo nitakalolipasua huku litakalomrudishia Mwakio jina lake kule.

Ninachokuomba ni hiki. Nenda Mwatate. Najua goti linakusumbua, mwombe mjomba Mwamburi akusindikize. Waite wazazi wa Mshai wakae, na umwite binti wa Mwakio akae pia, amekua sasa, anaelewa. Waambie Mwadime ndiye aliyegonga kabari bila kuita, kisha akamsingizia kaka yake ulevi. Ukitaka, wasomee barua hii. Kisha useme na kanisani, kwa sababu hata huko walisikia. Mimi niko tayari kuja kusimama mbele yao niseme kwa kinywa changu, wiki yoyote utakayoniita. Kyalo nimeshamweleza yote. Safari hii hakutania, akasema, "Enda. Kazi itakungoja." Usiponiita sitakuja kwa nguvu. Lakini Mshai asisubiri mpaka wewe na mimi tupatane.

Naomba umwambie Mama mwenyewe, ukiwa umekaa karibu naye, asisikie kwa majirani. Mghoi msalimie sana, umwambie namwomba radhi kwa barua zangu zote za miaka sita, alizozijibu kwa upendo bila kujua anamwandikia nani. Mjomba Mwamburi, aliyeliinua lile gogo na kumtoa Mwakio shimoni kwa mikono yake, mpe shikamoo yangu akikubali kuipokea. Mzee wa kanisa, jirani yetu, vilevile. Shemeji Mshai usimpe salamu kutoka kwangu. Sina haki ya kumsalimia kabla hajasikia.

Utakaponijibu, Baba, sitaangalia kwanza kama umeniita mwanao. Nitaangalia kama umefika Mwatate.

Ni mimi,
Mwadime, niliyekuwa juu ya gogo.