Passerelle ya Rolly

Tina! Rolly amerudi kutoka entretien, yale mahojiano, ya ile programu ya vijana wa réseau, mitandao ya kompyuta. Kaa chini kwanza. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, na tangu tumzike baba yake nyumba nzima inamtegemea yeye.

Deborah, mdogo wake, amemfanyisha mazoezi wiki nzima. Kila akimsahihisha, bwana anajibu: "Weye ulisoma réseau wapi?"

Leo mama mmoja wa jury, wale wanaohoji, amemuuliza: "Passerelle par défaut ni nini?" Ni mlango ambao kompyuta inapitia kwenda nje ya mtandao wake. Deborah alimrudilia hilo hata wakiwa wanakula bukari!

Rolly, kifua mbele: "Ni ile passerelle ya Shituru, mama, daraja la kuvukia reli. Iko na défaut, kasoro kubwa, mbao zimeoza."

Ya SHITURU, Tina! Mbao! Na anatusimulia mwenyewe, anajisifu!

Kisha yule mama wa jury akamwonea huruma: "Uko na swali?"

"Ndiyo, mama. Mutaitengeneza lini?"

Deborah amecheka mpaka akashika ukuta, mara ya kwanza tangu matanga. Halafu akajifuta macho: "Yaya, kaka yangu, nafasi ilikuwa moja. Na weye umeenda kuomba useremala."