Bushi ya Kisima cha Mama

Mutuini, Jumapili baada ya kanisa

Nekesa, mtoto wa mama,

Huna haya. Ulinisindikiza kurudi Nairobi tulipomaliza kumzika mzee wangu, ukakaa nami wiki mbili, ukaondoka ukisema utarudi kabla maharagwe hayajachanua. Maharagwe yamechanua, yamevunwa, yamepandwa tena. Kiti chako bado kiko kando ya dirisha, nafagia nikikizunguka. Nikikupigia simu unasema chaji inaisha. Barua haina chaji. Hii utaisoma mpaka mwisho, na shemeji akiitisha chai mwambie angoje.

Sasa nikusalimie. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi niko. Magoti yanalia nikiinuka, lakini ugali naumaliza. Anayeniandikia ni Mzee Mutiso, yule Mkamba aliyefanya kazi karakana moja na mzee wangu, akasafiri usiku kucha kuja mazishini. Hajui lugha yetu, ndiyo maana nakuongelesha Kiswahili kama mgeni.

Unakumbuka kile kitu kilichofunikwa gunia huku jikoni, ukawa unaweka sufuria juu yake? Ile ni mashine ya kukereza chuma. Unabana chuma kwenye taya zake, kinazunguka, unasogeza kisu polepole, na kisu kinakimenya kama muwa. Mzee alikereza chuma cha watu maisha yake yote. Alipostaafu akasikia kuna mtu huko Westlands anahama nchi, anauza kamashine kadogo, urefu wake kama kitanda cha mtoto. Mtu mzima huyo alikuwa anatengenezea vinara vya mishumaa, ati kwa kujifurahisha. Mzee akaileta na pikapu, akasema sasa atakereza chuma chake mwenyewe. Hakukereza hata kimoja. Ugonjwa ulifika kwanza.

Ulipoondoka, binti yangu alinichukua nikakae kwake Kileleshwa. Ghorofa ya tano. Wao asubuhi wanaenda kazini, mimi nabaki na televisheni. Siku nne mtu pekee aliyeniuliza habari yangu ni mlinzi wa geti, na alikuwa anataka kujua naenda nyumba namba gani. Binti akaniambia, mama, hiyo mashine ipe mtu wa vyuma kuukuu, nyumba tupangishe, uishi hapa. Ana moyo mzuri, simlaumu. Siku ya tano nikarudi kwangu.

Ndipo ukanipigia kuhusu kisima cha mama. Ukasema ile bushi, pete ya shaba ambamo ekseli ya winchi ya kuvutia ndoo inazungukia, imelika, mpini unaruka, unavuta maji kwa kamba mkononi ndoo baada ya ndoo, na fundi wa mjini anasema winchi ya zamani vile haina spea. Kwa hivyo huwezi kuacha ng'ombe uje. Nikakata simu nikakaa. Nikasema, kumbe kinachonizuilia mtoto wa mama ni pete. Basi nitaikereza.

Usicheke. Baba alipochagua nani aende shule, ulienda wewe, mimi nikabaki na kisima. Sikulia na sasa silii. Lakini mpini ule naujua kuliko mtu yeyote aliye hai. Hata nikifunikwa macho, nikisikia unavyolia najua ndoo imefika wapi.

Mutiso nilipomwambia anifundishe, alishika mlango ili asianguke kwa kicheko. Akasema, "Mama Wafula, hii si sufuria." Nikamjibu kwamba sufuria nimezisugua zaidi ya miaka hamsini na hakuna iliyonishinda. Jumapili iliyofuata akaja na ovaroli.

Tulianza vibaya. Mashine tuliiweka juu ya meza yangu ya mbao, ikatetemeka, chuma kikatoka na mawimbi kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Tukamwaga zege, tukaifunga kwa bolti, ikatulia. Chuma kipya cha kujifunzia alinikataza kununua. Nimeharibu ekseli kuukuu za pikipiki na bomba za shaba zilizotoka nyumba zilizobomolewa, na huyo mtu wa vyuma hapo stendi sasa ananiita fundi, mjinga yule, lakini nasikia vizuri.

Ameniambia nisiwahi kuvaa leso karibu na mashine, wala bangili, wala kitu chochote kinachoweza kushikwa na kinachozunguka. Hayo nilikubali. Akaonyesha pete ya ndoa. Nikakataa. Akazima umeme, akaketi kwenye kiti chako, akaanza kusoma gazeti. Gazeti lilipoisha akalianza upya. Nikaenda kwa bomba, nikapaka sabuni, nikaivua. Haijawahi kutoka tangu mzee aniwekee. Nikiwa kazini inakaa kwenye msumari, pamoja na kofia yake.

Namba sizisomi, unajua. Mutiso ana kipimo cha miguu miwili, kama mtu aliyepinda magoti. Unakibana kwenye kitu chenyewe mpaka kiguse, unakibeba hivyo hivyo mpaka kwa mashine. Hakihitaji namba. Lakini kinahitaji kitu chenyewe kiwe hapa, na mimi nilikuwa na haraka. Ndiyo nikakwambia uipime ekseli kwa uzi, vile mama alivyokuwa akitupima miguu kwa kamba akienda sokoni kununua viatu. Ukatoa uzi wa kufumia, ukauzungusha, ukafunga mafundo, ukanitumia ndani ya mfuko wa karanga. Nikauvuta unyooke, nikatafuta chuma ambacho uzi utakizunguka mafundo yakutane, nikakereza tundu la kukitosha. Jumapili tatu. Ile pete ilipotoka inang'aa, Mutiso aliigeuza geuza kisha akanisalimia kwa mkono, kama mwanamume.

Nikakutumia. Halafu ukanipigia. Imepwaya, ukasema, lakini usijali dada, nimejazia kitambaa.

Nekesa. Kiatu kikipwaya unajaza gazeti. Chuma hakijazwi gazeti. Siku tatu kitambaa kikatafunwa, na wewe umerudi kwa kamba. Nilikufokea, na nakuomba radhi, kwa sababu kosa ni langu. Uzi wa kufumia unanyumbuka. Mimi ndiye niliyeuvuta, na ule urefu nilioongeza ndio umekuweka mbali nami.

Acha nikwambie hili, Mutiso naye aandike tu, asiniangalie. Siku za kazi haji. Wapangaji wangu wa vyumba vya uani wanatoka alfajiri, wakirudi wanafunga milango, nasikia funguo tu. Kuna siku nawasha mashine bila chuma ndani. Inanguruma polepole, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Nakaa nasikiliza. Kisha naizima, kwa sababu ikiendelea nitaanza kuijibu.

Shaba nyingine ninayo, nimeificha chini ya kitanda. Ninachokosa ni kitu cha kupima. Sitaki uzi. Sitaki picha ya simu. Nataka ekseli yenyewe na bushi kuukuu yenyewe. Na usinitajie ng'ombe. Redio inasema mvua imeshika huko kwetu, mitaro imejaa, watakunywa popote kwa wiki moja bila wewe.

Mutiso ameacha kuandika, anasema ekseli inaweza kutumwa na basi kama mzigo na ifike kesho. Nimemwambia ashike kalamu afunge mdomo.

Nisalimie shemeji, mwambie majembe yake nitayatazama. Nisalimie mkamwana wako anayekukamulia, na yule mzee wa kanisa aliyeniombea nikisinzia, na jirani anayekugawia kuni. Ukipita kwenye kaburi la mama ng'oa majani, umwambie kisima chake sijakisahau.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na ndoo kichwani,

Nasimiyu

Ukija, funga ekseli na bushi kwa gunia. Usimpe kondakta aviweke kwenye buti, wala usiviweke chini ya kiti. Vipakate magotini njia nzima, mpaka unikabidhi mwenyewe mkononi.