Nafasi ya Winnie Dzoro

Jumanne, 13 Mei 2025

Mzee Abdulghafur ameanguka leo. Kwangu. Ndani ya kliniki yangu.

Nilikuwa chumba cha nyuma, namnyoosha bega mama mmoja wa Kibokoni. Nikasikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya Munir, mwanawe, ikiita, "Baba, baba." Nilipofika Mzee yuko sakafuni karibu na vile vyuma vya kujishikilia, kanzu imempanda magotini. Winnie, mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, alikuwa ameshapiga magoti, amekishika kichwa chake kwa mikono miwili. Fremu ya kutembelea imelala mlangoni.

Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na maneno karibu yote. Mkono aliobakiwa nao ni wa kushoto, na ndio aliouangukia. Eksirei imeonyesha kifundo cha mkono kimevunjika. Tangu Ramadhani Winnie amekuwa akimfundisha kula kwa mkono huo. Sasa atalishwa tena kama mtoto.

Hospitali sikuweza kumtazama mkewe usoni.

Jumatano, 14 Mei

Munir alikuja asubuhi, hata hatujafungua vizuri. Tangu babake augue yeye ndiye anayekaa dukani Biashara Street, na nusu ya wagonjwa wangu wamekuja kwa neno lake — mashangazi zake, majirani, wenye maduka. Alizungumza kwa adabu sana. Adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Bi Mwanakuu, hatutaki maneno na wewe. Baba tutakuachia umtibu. Lakini yule dada hatutaki kumuona tena. Alimwacha mgonjwa amesimama, akaenda zake."

Nikamuuliza kama alikuwapo. Akasema alikuwapo, amekaa pembeni, lakini yeye si daktari, angejuaje la kufanya.

Nikamwahidi.

Winnie alichelewa, kama kawaida yake siku za mvua. Nilimwita ofisini. Trizah, binti wa mapokezi, alisimama mlangoni kama mwenye neno. Nikamwambia afunge mlango.

Nilitarajia ugomvi. Winnie ni mtu wa sauti — akicheka wapita njia wanageuka, na mgonjwa asiyefanya mazoezi nyumbani humfokea kama mama mkwe. Leo hakufoka. Nilipomaliza akasema, "Hujaniuliza."

Nikamwambia mambo yako wazi.

"Hujaniuliza, Bi Mwanakuu."

Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Nilimlipa mwezi mzima na ndio kwanza umefika nusu. Nikajiona mtu mwema.

Jumatano, 28 Mei

Usaili leo. Wamekuja watatu, wote wana vyeti na leseni. Vyeti havinisaidii kitu. Mimi nilitaka kuona mikono. Basi nilimwomba Bi Zuena, mgonjwa wangu wa magoti, akae kitini, na kila mmoja amsimamishe mbele yangu. Bi Zuena alifurahi. Alijifukiza hadi udi kwa ajili ya shughuli hiyo.

Wa kwanza, Morgan. Kijana msafi, maneno matamu. Kabla hajakaa aliniuliza nitafungua tawi lini. Alipomfikia Bi Zuena alimvuta kwapani kama anayeshusha mzigo. Bi Zuena akasema, "Polepole mwanangu, mimi si gunia la mchele."

Wa pili, Kavumbi. Anajua. Alimweleza Bi Zuena goti lake lote, mfupa kwa mfupa, mpaka mwenyewe akaanza kusinzia. Hakumgusa.

Wa tatu, Ronald. Aliomba ruhusa kwanza. Alipanga miguu, akamshika kiunoni, akasubiri pumzi, akamnyanyua. Sawa kabisa. Sikuona kosa. Sikuona pia kama alimtazama.

Nimemchukua Ronald. Bi Zuena alipokuwa akivaa viatu akaniambia, "Huyu hana ubaya. Lakini yule msichana wa kelele yuwapi? Mbona hamumleti?"

Nikasema amepata kazi nzuri zaidi.

Nilimdanganya bibi mzima, mchana kweupe. Akasema alhamdulillahi, anastahili.

Jumatano, 11 Juni

Ronald anakuja mapema, anaondoka kwa wakati, hagombani na mtu. Wagonjwa hawalalamiki. Hawacheki pia. Kinamama wengi wananingoja mimi, kwa hiyo chumba chake kina nafasi na changu kimejaa hadi barazani.

Mchana nilipigiwa simu kutoka kliniki moja ya Nyali. Mwanamume mpole, meneja wao. Winnie Dzoro ameomba kazi kwao, amenitaja mimi, je, nina la kusema?

Nilisema ni hodari, wagonjwa wanampenda. Kisha nikasema kuna mgonjwa wake mmoja alianguka na kuvunjika, ndiyo sababu tukaachana.

Akanishukuru haraka na kukata.

Ningefanyaje? Ni usalama wa watu. Nimejiambia hivyo njiani mpaka nyumbani, na sasa naona bado najiambia.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeanza kumtibu Mzee Abdulghafur nyumbani kwao, hapa hapa Mji wa Kale, maana ngazi zangu hataki hata kuzitazama. Plasta haijatoka. Mkewe anamlisha kwa kijiko, na yeye hugeuza uso ukutani baada ya vijiko vichache. Mtu aliyekuwa akipima vitambaa kwa mkono na kuuza kanga kwa majina yake yote bila kusoma.

Leo ametoa neno jipya. "Picha." Alilisema vizuri. Mkewe alikaribia kulia kwa furaha. Akaleta albamu ya harusi, akaleta picha ya marehemu kakake, ya Hija, za wajukuu walioko Maskati. Mzee akazisukuma zote kwa kiwiko. "Picha. Picha." Akanitazama mimi.

Mkewe akasema labda anataka kupigwa. Akaleta simu, akamweka sawa kofia. Mzee akafumba macho na machozi yakamtoka.

Kiharusi hufanya hivyo, humfanya mtu alie bila sababu. Ndivyo nilivyomwambia mkewe.

Jumamosi, 5 Julai

Siwezi kuandika vizuri. Nitaandika tu.

Plasta ilitoka juzi. Leo nilikuwa namfungua vidole kimoja kimoja, Munir ameingia kunisalimia, amesimama miguuni pa kitanda. Mzee akaanza tena. "Picha." Nikamwambia, haya, nionyeshe, Mzee wangu, picha gani? Akainua ule mkono wa kushoto, unatetemeka, akauweka mbele ya uso wake kama anayeshika kitu. Kisha akaupeleka nyuma, nyuma, polepole, kama mtu anayerudi kinyumenyume huku akimwita mwingine amfuate. Kisha akaangusha mkono kitandani. Pu.

Akamtazama mwanawe.

Munir akatoka nje.

Nilimaliza vidole. Sijui nilimalizaje. Munir nilimkuta barazani, ameketi, viatu mkononi. Hakungoja nimuulize.

"Kakangu wa Maskati alitaka kumuona Baba akitembea. Nilitaka kumchukua video. Yule dada akanikataza, akasema mpaka alete fremu. Akamkalisha Baba kitini, akaniambia nisimguse. Alipotoka tu nikamsimamisha. Nikawa narudi nyuma, namwambia njoo Baba, njoo. Akaja hatua chache. Alikuwa anacheka."

Nikamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Nilikuja kwako asubuhi ile nimejiandaa kusema. Nikaanza na la yule dada kwanza, maana ndilo jepesi. Ukakubali papo hapo. Basi nikaona limekwisha."

Alikuwa na aibu, na alilia. Mimi sikulia. Nilipita Biashara Street jua kali, watu wakinisalimu, nikiitikia.

Alimkalisha kitini. Alimkataza. Angeniambia hayo yote kama ningefungua mdomo kumuuliza neno moja.

Jumanne, 8 Julai

Nimempigia Winnie tangu Jumapili. Hapokei. Nimemtumia ujumbe — nimeuandika na kuufuta, mwishowe umekuwa: Winnie, naomba tuzungumze. Mwanakuu. Haujajibiwa.

Nilimweleza Trizah. Hakushangaa.

"Mimi nilikuwa mapokezi, daktari. Nilimsikia Winnie akimwambia yule kaka asimguse mzee. Alisema kwa sauti ile yake. Nilitaka kukwambia asubuhi ile."

"Mbona hukunambia baadaye?"

"Ulinambia nifunge mlango." Akaendelea kupanga faili. Kisha akasema polepole, bila kunitazama, "Nikaona kama yeye ameondolewa hivyo, mimi wa mapokezi ni nani?"

Miaka yote nilipokuwa hospitali ya serikali nilikuwa nikisema, siku nikiwa na pangu sitaendesha watu kwa hofu. Nilidhani mtu huendesha kwa hofu akipiga kelele. Mimi sijawahi kumpigia mtu kelele.

Ndipo nilipouliza Winnie yuko wapi. Kliniki ya Nyali walimkataa, Trizah akasema. Na nyingine mbili, sijui kama nao walipata habari. Kodi haingoji. Shangazi yake mwenye jamaa katika kampuni ya mabasi ya bara amemtafutia kibanda Mwembe Tayari. Anakata tikiti.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekaa kwenye benchi la abiria, Mwembe Tayari. Nimetoa shajara mkobani kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Basi la Kisumu linapakia. Magunia, kuku, mama mmoja na godoro lake.

Nilipanga foleni kama wengine. Nilipofika dirishani hakuinua kichwa. "Waenda wapi, mama?"

Nikamwita jina lake.

Akaniangalia. Amekonda kidogo, amesuka nywele. Akasema, "Kuna watu nyuma yako." Nikakaa pembeni ya dirisha, akawa anahudumia watu na kuzungumza nami katikati yao. Sauti imekuwa ndogo, sikujua anayo ndogo.

Nilimwambia yote. Munir, picha, kiti. Nikasema nilikukosea, sina njia nyingine ya kulisema. Akamrudishia mteja chenji.

"Mzee mkono wake vipi?"

Nikasema umefunguka, lakini kijiko bado hakikai.

"Mpini uufunge kitambaa, uwe mnene. Hawezi kufinya." Kisha akamgeukia mteja, kama aliyejutia kusema.

Nikamwambia nafasi yake ipo. Akauliza Ronald je? Trizah keshamweleza kila kitu, naona. Nikasema Ronald nitambakisha, kazi ya wawili ipo. Nikamwambia Munir yuko tayari kuja kumwomba radhi.

Akasema, "Hao wa Nyali walinipenda. Walinionyesha mpaka chumba. Kisha wakapiga simu kwako." Akagonga muhuri kwenye tikiti. "Wao umewapigia?"

Sikuwa nimewapigia. Wallahi halikunijia. Nilifikiria kumrudisha kwangu tu, kama kitu nilichokisahau mahali.

"Basi wapigie. Hapa hapa, nisikie."

Nikapiga, nimesimama mbele ya dirisha, watu wa foleni wakinisikiliza na wengine wakijifanya hawasikilizi. Meneja alikumbuka. Nikamwambia nilisema uongo bila kujua kwamba ni uongo, na kutojua huko ni kosa langu mwenyewe kwa sababu sikuuliza. Nikamwambia Winnie Dzoro alimkalisha mgonjwa mahali salama, akakataza, na mtu mwingine akamsimamisha. Nikasema kama ningekuwa mgonjwa ningetaka mikono yake. Akaniuliza niko wapi, mbona kuna kelele. Nikamwambia.

Akasema mtu waliyemchukua ameondoka wiki iliyopita. Atazungumza na wenye kliniki, atanipigia saa hii hii.

Winnie alikuwa ameacha kukata tikiti. Mwanamume wa mbele akagonga kioo, naye Winnie akaendelea kukata.

Basi nangoja. Wakimchukua, nimempoteza, na ni mimi niliyempa njia. Wasipomchukua huenda akarudi kwangu, lakini atakuwa amerudi kwa kuwa hana pa kwenda, nami nitakuwa najua hivyo kila asubuhi akivaa koti lile. Nimejaribu kuomba dua na sikujua niombe lipi. Nimeomba astaghfirullah tu, nikaishia hapo.

Basi la Kisumu limeondoka. Amefunga dirisha kwa chakula cha mchana. Amekuja na chupa ya maji, amekaa mwisho ule wa benchi, mama wa godoro alipokuwa. Ameniuliza wamesema nini.

Nimesema bado.

Amefungua chupa, anakunywa. Hajaondoka.